Mnunuzi Aliyesindikizwa Ng'ambo ya Mto

Mwenye usingizi aende akalale sasa, na mwenye moyo mwepesi akae karibu na mwenzake. Hadithi yangu haina sungura wala fisi. Ina watu watupu, na kwa ubaya watu hawajapata mshindani. Mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu anijibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Mungu anajua, lakini nitakuwa nimewauliza nyinyi.

Walikuwako ndugu watatu katika mlima wa Vumbari, watoto wa marehemu Senkondo, na kazi yao ilikuwa kuchonga mawe ya kusagia nafaka. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Mbonea, mkubwa wao, alikuwa na sikio. Aligonga jabali kwa kokoto, akaegemeza sikio lake la kulia kama mkunga anayesikiliza tumbo, kisha akasema, "Hili lina ufa ndani, liacheni," au, "Hili ni zima." Jiwe lenye ufa hupasuka likizunguka, na vipande vyake huua. Mbonea hakuwahi kukosea.

Namkunda, dada yao, alikuwa na mkono. Yeye alichimba mifereji katika uso wa jiwe, ile inayoutoa unga nje kabla haujaungua. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kilitangulia kupapasa, tindo likafuata nyuma yake. Watu walisema gumba lile lina macho.

Kiangi, kitinda mimba, alikuwa na mgongo. Njia ya kushuka Vumbari ni nyembamba, huku ukuta wa mlima, huku korongo. Kiangi aliteremsha jiwe zito kama ndama kwa kamba, magogo na mgongo wake, na likifika chini halikuwa na hata mkwaruzo.

"Figa moja haliinjiki chungu," watu walisema wakiwatazama watatu hawa, na wao wenyewe waliamini hivyo. Walikuwa bado hawajajaribiwa.

Sasa mjue hali ya Namkunda, maana hadithi hii inatembea na yeye. Mume wake alimrudisha kwao kwa kukosa mtoto, na pale Vumbari mwanamke aliyerudishwa hulala uani kwa kaka yake, hula wa mwisho na kunyamaza wa kwanza. Alitamani kitu kimoja tu duniani, nacho ni shamba la Kwezinga, chini ya mlima, penye chemchemi isiyokauka. Lilikuwa la baba yao. Mwaka wa njaa, Hamduni, muuza unga wa mji wa Sangeni, alilichukua kwa kapu moja la unga, na unga wenyewe ulikuwa na funza. Kaburi la mama yao lilibaki kando ya chemchemi. Kila Namkunda aliposhuka kuteka maji aliwakuta mbuzi wa Hamduni wamelala juu yake, wakicheua.

Siku moja Hamduni huyo akapanda mlima mwenyewe, anahema, kilemba mkononi. Alikuwa anajenga kinu cha maji na alihitaji jozi ya mawe makubwa kuliko yote yaliyowahi kuchongwa.

"Bei yenu nini?" akauliza.

"Kwezinga," akasema Mbonea.

Walidhani atakasirika. Hamduni akatabasamu. "Mawe mazuri kwa shamba zuri. Mimi ni mtu wa maandishi, nitawaandikia oda."

"Iandike hapa basi," akasema Namkunda.

"Dada yangu, ningeandika, ila wino sina. Nisindikizeni kidogo, tutaupata njiani."

Hapo ndipo walipoponzwa, na kilichowaponza ni adabu. Katika nchi zile, juu mlimani na chini bondeni, mgeni husindikizwa mpaka yeye mwenyewe atamke, "Rudini." Kumwacha kabla hajatamka ni tusi, na aliyemtukana mgeni hivyo hapokelewi tena kwenye nyumba ya mtu. Wageni wenye haya hutamka mapema, kwenye kona ya kwanza. Hamduni hakuwa na haya. Alishuka mlima wote akisimulia maradhi ya mama yake. Walipunguza mwendo, naye akapunguza. Walisimama, naye akasimama, akaendelea kusimulia. Wakaufikia mto Ngwiza, mpaka wa nchi yao, wakauvuka huku wamekunja nguo, na bado hakutamka neno. Namkunda alimnong'oneza Mbonea, "Kaka, turudi. Huyu mtu ana jambo." Mbonea akamwambia aache utovu wa adabu.

Walipofika Kituoni, kijiji cha watu baki wanaouza chai kwa wasafiri, Hamduni aliketi, akatia mkono mfukoni na kutoa wino. Ulikuwa mfukoni tangu asubuhi. Akaandika: *Mimi Hamduni wa Sangeni nimeagiza kwa watoto wa Senkondo jozi ya mawe ya kusagia. Nikishayapokea, shamba la Kwezinga ni lao. Imeandikwa Kituoni.* Akapiga muhuri wake, akawakabidhi karatasi.

"Rudini," akasema. "Sijapata kuona watu wenye adabu kama nyinyi."

Mbonea alilisaka jiwe mlima mzima. Alikataa majabali ambayo mtu mwingine angeyachonga kwa furaha, mpaka akalipata moja ambalo, aliposikiliza, alifumba macho akakaa kimya kama aliyesikia habari njema. Bila yeye pasingekuwa na jiwe.

Namkunda alichonga masika yote. Vumbi lilimwingia kifuani, akawa anakohoa kijivu. Kila mfereji aliouchimba aliuona ni mfereji wa maji ya Kwezinga, na alipomaliza alipitisha gumba lake katika mawe yote mawili, akalia kwa furaha. Bila yeye lingebaki jabali tu.

Kiangi aliyateremsha moja baada ya jingine, akatoka ngozi ya mgongo. Mtoni akawakuta watu wa Hamduni wamesimama katikati ya maji na chelezo cha magogo. "Bwana amesema tuyapokee hapa hapa, msijichoshe," wakamwambia. Kiangi akaona wamemwonea huruma, akawashukuru. Bila yeye mawe yangebaki mlimani.

Basi mawe yakapokelewa, kinu kikaanza kusaga, na mbuzi wakaendelea kulala juu ya kaburi.

Mbonea alipokwenda kuuliza, Hamduni alimkaribisha kwa heshima mbele ya kinu, na mawe yananguruma nyuma yake. "Oda ni yangu, muhuri ni wangu, siukatai hata kidogo," akasema. "Shamba sitoi. Nishtakini. Ila mtafute vizuri mahali pa kunishtaki."

Msicheke, maana yule mtu alikuwa amesoma sheria za nchi zile kuliko alivyosoma dua. Kila nchi ilikuwa na baraza lake la kuamua kesi, na sheria moja ilizifunga zote: anayepeleka kesi kwenye baraza lisilo mahali pake huacha hapo kiungo kimoja cha mwili wake, na baraza ndilo linalochagua kiungo. Wazee wa zamani waliiweka sheria hiyo ili watu wasichague hakimu kama wanavyochagua nyama buchani. Ilipotungwa ilikuwa kali. Mikononi mwa mtu kama Hamduni ikawa panga.

Mbonea, kwa kuwa ni mkubwa, alitangulia. Alikwenda Sangeni, maana mnunuzi alikaa Sangeni, na ni nani asiyejua kwamba mtu hushtakiwa kwao? Mzee wa baraza la Sangeni alikuwa na unga wa Hamduni hata kwenye ndevu. Aliisoma oda mara ya kwanza, akairudia.

"Hamduni anakaa hapa, kweli," akasema. "Analala hapa, anaoga hapa. Lakini kosa la hapa amefanya lipi? Oda imeandikwa wapi?"

"Kituoni," akajibu Mbonea.

"Basi umekosea mlango." Akawageukia waliohudhuria. "Kiungo gani huyu anakitumia zaidi?"

Hamduni alikuwa ameketi safu ya mbele. "Sikio la kulia," akasema, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Wakalikata.

Namkunda akafuata. Mbonea alimkataza, Kiangi akamkataza, lakini alikuwa ameona mbuzi kaburini asubuhi ileile, na hasira ilimsukuma mpaka Kituoni. Karatasi ilisema imeandikwa Kituoni, na baraza la Sangeni lenyewe limesema hivyo, sasa kuna shaka gani? Mzee wa Kituoni alikuwa mpole, akamwagiza apewe chai kwanza.

"Mama, iliandikwa hapa, hata mimi nilimwona akiandika," akasema. "Lakini siku ile ilikuwa karatasi tu. Kama msingechonga, asingedaiwa. Deni lilizaliwa mawe yalipopokelewa. Yalipokelewa wapi?"

Namkunda akaweka kikombe chini. "Katikati ya mto."

"Mto hauna baraza," akasema mzee, na kweli alisikitika. Hamduni alikuwa ameshatuma mtu kusema kuhusu gumba la kushoto. Walitumia kisu cha nyama, na mwenye kisu akaomba radhi kwamba hakijanolewa. Namkunda alipiga ukelele uliosikika ng'ambo, akarudi nyumbani na mkono umefungwa kwenye khanga, na njia nzima gumba lisilokuwapo lilimwasha.

Ikabaki Vumbari kwao. Baraza la Vumbari liliongozwa na Bi Nasemba, mwanamke mkavu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akimpapasa mtoto kichwani. Aliwasikiliza wote watatu.

"Sheria yetu inasema anayeagiza kazi ya Vumbari hushtakiwa Vumbari, popote alipoandikia oda yake," akasema. "Mngeanza kwangu ningewaambia, mkabaki na viungo vyenu."

Kiangi akaruka juu. "Basi tumeshinda!"

"Kaa chini. Baraza langu halina mkono mrefu. Siwezi kumhukumu mtu ambaye hajasimama juu ya ardhi yetu. Mleteni kwa miguu yake mwenyewe. Mkimfunga kamba nitamfungua mimi."

Nani amlete? Hamduni alikuwa amekwisha kuapa kwamba mlima wa Vumbari atauona kwa mbali tu.

Wakati huo kidonda cha Mbonea kilikuwa kimeoza. Usaha ulishuka shingoni, homa ikampanda, na harufu ilijaa chumba mpaka mke wake, Nakiete, mjamzito, akawa analala ukumbini. Namkunda ndiye aliyemwosha kwa mkono wake mmoja mzima. Siku moja Mbonea alimshika kiwiko.

"Kufa nitakufa," akasema. "Hilo halina mjadala. Ninachojiuliza ni wapi."

"Kaka, usiseme hivyo."

"Nisikilize. Mgeni akifia nyumbani kwa mtu, mwenye nyumba hulishika jeneza kwa mkono wake mwenyewe na kumsindikiza maiti kuelekea kwao. Haliachi mpaka jamaa watamke, 'Rudi.' Akiliacha kabla, ameonekana amemuua mgeni wake. Nani atakula unga wa muuaji?"

Namkunda akaelewa, akatamani asingeelewa.

"Kiangi anibebe," akaendelea Mbonea. "Na wewe, dada yangu, usilie."

Neno hilo ndilo zito kuliko yote, na lazima niwaeleze kwa nini. Kwa desturi zao kilio cha dada ni sawa na kutamka "Rudi." Dada wa marehemu akipasua kilio, wasindikizaji wamefunguliwa. Na kuna desturi nyingine juu ya hiyo: mtu aliyeingia kaburini bila kuliliwa na dada yake, jina lake hapewi mtoto yeyote. Linazikwa naye.

"Nitalia tukishafika," akasema Namkunda.

"Ndiyo. Tukishafika," akasema Mbonea.

Nakiete alipopata habari alipiga magoti kwa Kiangi. "Shemeji, usimtoe. Mwache afe akinishika mkono." Kiangi alitazama pembeni. Kesho yake, kabla wanawake hawajawasha moto, alikuwa ameshamfunga kaka yake mgongoni kwa kamba za kuteremshia mawe na kuondoka.

Namkunda aliwafuata baadaye, akatembea peke yake. Alipofika Sangeni, watu walikuwa wamejaa mbele ya nyumba ya Hamduni. Mama yake Hamduni, kikongwe asiyeona, ndiye aliyekuwa ukumbini Kiangi alipobisha hodi. Alimwitikia "Karibu, mwanangu," akamlaza mgonjwa kwenye mkeka wake, akamnywesha maji kwa kiganja. Kwa maji yale Mbonea alikuwa mgeni wa nyumba ile, na kabla maji hayajakauka midomoni alikuwa amekufa. Kiangi alisimama kando ya maiti. Namkunda alimtafuta macho, lakini Kiangi hakumwangalia.

Hamduni alirudi kutoka kinuni, akaona mkeka, akaona umati, akaelewa yote kwa mara moja. Akacheka kidogo kwa pua. Kisha akavua viatu vizuri akavaa vya safari, maana mji mzima ulikuwa unamtazama, na kila aliyekuwa pale alikula unga wake.

Wakalinyanyua jeneza. Mbele Kiangi na Hamduni, nyuma majirani wawili. Namkunda alitangulia mbele yao wote, kama inavyompasa dada, na kilio kilikuwa kimemjaa kifuani kama maji ya kisima.

Kituoni, Hamduni alisema kwa upole, "Dada, mmeshafika mbali. Tamka, nirudi kwa mama yangu mgonjwa." Namkunda akaendelea kutembea.

Mtoni maji yalikuwa baridi. Hapo katikati, mahali palepale mawe yalipopokelewa, Hamduni alianza kusema kwa sauti ya chini ili Namkunda peke yake asikie.

"Unajua walipomkata sikio alilia kama mbuzi? Alimwita mama yenu. Mzee wa baraza akacheka, na mimi nikacheka." Namkunda akapiga hatua. "Alisema mmsamehe nyinyi wadogo zake, yeye ndiye mwenye kosa la kunisindikiza. Alinishika miguu, dada. Nikaondoa mguu." Namkunda akapiga hatua nyingine. "Lia tu. Ni ndugu yako. Dada gani huyu asiyelia?"

Namkunda alitia kibutu cha gumba mdomoni akakiuma mpaka kidonda kikafunguka. Damu yake aliimeza. Alitoka majini akapanda mlima, na kila alipohisi kilio kinapanda aliuma tena. Alikuwa akimwambia Mbonea moyoni, bado kidogo, kaka, bado kidogo, tutafika nitakulilia mpaka milima isikie.

Walipoingia uwanja wa baraza la Vumbari, Bi Nasemba alikuwa amekwisha kuketi. Kesi haikuchukua muda wa kuiva ugali.

"Muhuri huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Mawe umeyapokea?"

"Nimeyapokea. Lakini hapa si mahali pangu pa kushtakiwa. Mimi ninakaa Sangeni, oda niliiandika Kituoni, na mzigo niliupokea mtoni."

Bi Nasemba aliinama akatazama viatu vyake vilivyojaa udongo mwekundu wa mlimani. "Na sasa umesimama wapi?"

Hamduni naye akavitazama. Wanaume wakashangilia. Kwezinga imerudi!

Namkunda hakuwasikia. Alikuwa amekimbilia kaburini, ambako walikuwa wanamshusha kaka yake. Wanawake walimfungulia njia, wakanyamaza, wakamngoja. Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alijipiga kifua, akajikwaruza uso, akajaribu kukumbuka sikio, usaha, mkeka wa yule kikongwe. Koo lilikuwa kavu kama jiwe alilolichonga. Aliyakaza macho, nayo yakabaki makavu. Kilio cha uongo hakihesabiwi, na wanawake wazee wanakijua. Udongo ukajaa, ukasawazishwa, na Mbonea akazikwa bila kuliliwa.

Nakiete alimtemea mate miguuni.

Walirudi barazani, kwa sababu kazi ilikuwa imebaki moja. Bi Nasemba alishika kalamu. "Shamba lenye chemchemi haligawanywi, mnajua. Wagawanyaji huuana wakati wa kiangazi. Linaandikwa jina moja, na mwenye jina ndiye mwenye maji. Wengine wataomba kwake. Niandike nani?"

Nakiete alisimama wa kwanza, mkono tumboni. "Andika mtoto huyu. Aliyeshinda kesi hii ni maiti ya baba yake. Hawa wawili wako hai, wanakula, wanapumua. Mume wangu alitoa sikio, kisha akatoa na pumzi. Na mtoto wangu hata jina la baba yake hatalipata, kwa ajili ya huyu wifi yangu mwenye moyo wa jabali. Mnataka mumnyime na udongo?"

Kiangi akasimama. "Shemeji, kaka hakutoa pumzi," akasema. "Tulipofika mtoni alibadili nia. Alisema, 'Nirudishe. Sitaki kufia kwa yule mtu, nataka kufa kwetu, nimshike mke wangu.' Alinipiga mgongoni kwa ngumi, na ngumi zenyewe hazikuwa na nguvu. Alilia mpaka Sangeni. Mimi niliendelea kutembea. Ningemsikiliza, leo kusingekuwa na Hamduni hapa wala kesi. Kaka alikufa kama anavyokufa kila mtu. Aliyefanya kile kitu ni mimi, na mimi ndiye nitakayezisikia zile ngumi maisha yangu yote. Niandikeni mimi."

Nakiete alipiga yowe akamrukia, watu wakamshika.

Namkunda alisimama wa mwisho. Hakuwa amejua habari za mtoni, na sasa alikuwa anazijua. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, kibutu kikivuja.

"Kiangi alimbeba mpaka kwa Hamduni," akasema. "Na Hamduni je, alibebwa na nani mpaka hapa? Yule mtu alinisemesha maneno ambayo sitawarudia. Pumzi moja tu ingenitoka, angegeuka na kwenda zake, na kifo cha kaka kingekuwa bure, na ngumi za Kiangi zingekuwa bure. Kiangi ana mgongo wake bado. Wifi ana mtoto. Mimi nilikuwa na gumba, sina. Nilikuwa na kilio cha kaka yangu, nimekimeza hakitoki. Mama yangu amelala chini ya mbuzi. Andikeni mimi, mniache nikakae na mama."

Bi Nasemba alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Sitachagua," akasema hatimaye. "Nyinyi wenyewe mkubaliane jina moja, mniletee. Mpaka hapo shamba linabaki kwa anayelishika leo."

Anayelishika leo alikuwa ameketi kwenye gogo, anakung'uta udongo viatuni. Hakuna aliyekumbuka kumwambia arudi. Hamduni akainuka, akajifunga kilemba chake vizuri, akawatazama watoto wa Senkondo, mmoja na mwenzake hawaangaliani, na mjane katikati anashikwa mikono.

"Mimi mlihangaika kunitafutia pa kunishtaki," akasema. "Nyinyi hamtapata taabu hiyo. Mnakaa ua mmoja."

Akashuka mlima peke yake, na hakuna aliyemsindikiza.

Msimu wa kupanda umekaribia, na mbuzi bado wako Kwezinga. Bi Nasemba ameketi, kalamu imechovywa, wino unakauka kwenye ncha. Aliyekufa huku anaomba asife kule, aliyembeba bila kumsikiliza, na aliyemnyima kilio chake: mmoja wao ndiye mwenye maji. Nyinyi mlionisikiliza mpaka hapa mmeshakuwa baraza, na hili ndilo mahali pake. Haya, jina la nani liandikwe? Na wale wawili mtakaowaacha, mtawaambia nini?